Kabla hujaandika nenosiri la msimamizi kwenye skripti ya kuwashia seva

Kwanza jiulize kama unalihitaji. Mashine pepe za Windows zinazotoka kwenye picha rasmi (violezo vya mfumo) za AWS, wingu la Amazon, hujitungia nenosiri la nasibu, nawe unalifungua kwa ufunguo wako wa faragha. Kwenye Linux, funguo za SSH, za kuingia kwa mbali bila nenosiri, hutosha. Nenosiri lina maana zaidi pale mtandao unapokatika na imebaki konsoli ya dharura.

Ukiona bado unalihitaji, fikiria nani mwingine ataisoma skripti. Kwenye EC2, huduma ya mashine pepe ya AWS, kwa kawaida programu yoyote iliyo ndani ya mashine inaweza kuisoma kupitia anwani 169.254.169.254, na mwenzako mwenye ruhusa ya kutazama sifa za mashine ataiona pia. Base64, usimbaji ambao skripti hutumwa nao, haifichi kitu. Ni maneno yaleyale yaliyobadilishiwa kanga. Nakala nyingine hubaki chini ya /var/lib/cloud, na ukisahau kuondoa set -x (amri ya kuonyesha kila mstari unaotekelezwa) juu ya skripti, nenosiri linaweza kuchapwa kwenye /var/log/cloud-init-output.log. Mimi huhesabu nenosiri la namna hiyo kuwa limeshavuja.

Basi liweke kwenye hifadhi ya siri, mfano Secrets Manager ya AWS, na mashine ipewe ruhusa ya kusoma siri hiyo moja tu. Skripti ilichukue yenyewe, na isimame ikipata jibu tupu, kwa sababu mtandao au ruhusa huweza kuchelewa.

Jua pia itatekelezwa mara ngapi. Skripti ya EC2, usipoiagiza vingine, huenda mara moja tu mashine inapowaka kwa mara ya kwanza. Ile ya Google Cloud hurudia kila mashine inapowaka: umebadilisha nenosiri kwa mkono Machi, ukiiwasha upya Aprili linarudi la zamani, na timu nzima inabaki nje ya mlango.

Azure, wingu la Microsoft, hutaka nenosiri la herufi 12 hadi 123 kwa Windows, na hukataa jina la mtumiaji administrator. Amri ya Windows ya kuweka nenosiri, net user, ikipewa zaidi ya herufi 14 huuliza uthibitisho, na hakuna mtu wa kuujibu, weka /y. Alama ya $ ndani ya nukuu mbili, kwenye Bash na PowerShell (lugha za skripti za Linux na Windows), husomwa kama mwanzo wa jina la kigezo, kwa hiyo tumia nukuu moja.

Jaribu kwenye mashine ya kutupa: ingia, iwashe upya, ingia tena, kisha litafute nenosiri lenyewe kwenye logi zote.