Somo: Kupanga chakula cha nyumba ya watu 5 wanaokula sinia moja

"Nile nini nipate mlo kamili?" Swali hili limekuja mara tatu tangu Ijumaa. Jibu lote ni hili hapa. Tafadhali someni mpaka chini kabla ya kuuliza.

Mfano ni nyumba ya Lamu: baba kilo 70, mama 55, bibi 60, msichana wa miaka 14 kilo 45, mvulana wa miaka 6 kilo 20. Wote wana afya nzuri. Mgonjwa wa sukari au figo na mama mjamzito, mpango wao hutoka kliniki.

Ile picha ya sahani yenye nusu mboga, robo wanga na robo protini yamfaa anayekula peke yake. Kwenye sinia haifanyi kazi. Samaki yuko katikati, na mtoto wa miaka 6 hushiba wali wa ukingoni kabla mkono wake haujafika kwenye mnofu. Kwa hivyo twapanga kwenye kapu la sokoni na kwenye sufuria, kisha kitoweo chagawiwa kwa mkono.

HATUA YA 1. Andika kila kilicholiwa jana, pamoja na chai, maji ya ukwaju na kaimati za njiani.

HATUA YA 2. Hesabu makundi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitoa mwongozo mwaka 2016 wenye makundi 10: (1) nafaka, mizizi na ndizi za kupika, (2) kunde, (3) korosho, karanga na simsim, (4) maziwa, (5) nyama, kuku na samaki, (6) mayai, (7) majani ya kijani kibichi, (8) vya manjano na chungwa vyenye vitamini A kama boga, embe na papai, (9) mboga nyingine, (10) matunda mengine. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 anayefika makundi 5 kwa siku ana nafasi kubwa zaidi ya kutosheka vitamini na madini. Kilicho chini ya gramu 15, yaani karibu kijiko kimoja cha kulia, hakihesabiwi, kwa hivyo kitunguu kilichopotelea kwenye mchuzi si kundi. Tui la nazi huhesabiwa mafuta, si kundi. Na wali, chapati, muhogo na mkate wa mofa vyote ni kundi moja, hata vikiwa vinne mezani.

HATUA YA 3. Mboga na matunda. Kiwango cha WHO, shirika la afya duniani, ni gramu 400 kwa siku kuanzia miaka 10, na 350 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9. Nyumba hii yahitaji karibu kilo 2, baada ya kumenya. Muhogo na viazi havimo.

HATUA YA 4. Protini. Hapa mimi nilikosea hesabu nzima, na bado naona watu wakikosea vilevile.

Mtu mzima huhitaji gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili. Baba 58, mama 46, bibi 50, msichana karibu 40, mvulana karibu 18. Jumla ni kama gramu 210 kwa siku. Sasa kapu: mchele gramu 750, mbaazi kavu gramu 300, samaki wazima kilo 1.2. Jedwali lasema mchele una protini kama gramu 7 kwa kila 100, mbaazi 21, samaki 20. Mtu hupima sufuria ikishaiva: wali kilo 2, mbaazi gramu 750, samaki kilo 1.2. Azidisha, apata gramu 537, na aona chakula chazidi mara mbili na nusu, basi apunguza samaki. Hesabu hiyo ni ya uongo. Namba zile za mchele na mbaazi ni za kitu kikavu. Uzito ulioongezeka jikoni ni maji. Na kwa changu au tafi mzima, ukitoa kichwa, miba na matumbo, nusu yake imekwenda. Hesabu ya kweli: mchele 52, mbaazi 63, samaki gramu 600 za mnofu 120. Jumla 235. Yatosha, lakini hakuna cha kupunguza.

Basi: pima kabla ya kupika, pima mnofu peke yake, na ukifungua jedwali la vyakula (Kenya ina lake la mwaka 2018) angalia kama mstari wasema "kibichi" au "kilichopikwa". Usichanganye mistari miwili kwenye hesabu moja.

HATUA YA 5. Chumvi na sukari usipime kwa kijiko, soma pakiti. Chumvi ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, na mtoto chini ya hapo. Andika tarehe kwenye pakiti ya nusu kilo siku unayoifungua. Ikiisha kabla ya wiki 3, nyumba hii imezidisha, na hapo ng'onda, achari na vidonge vya mchuzi bado havijahesabiwa. Sukari mwisho gramu 50 kwa mtu mzima, afadhali 25. Kilo ikiisha ndani ya siku 4 mumepita hata ule mwisho.

HATUA YA 6. Chai ya rangi ingoje saa moja baada ya chakula, kwani huzuia madini ya chuma ya mboga na kunde. Ndimu na embe huyasaidia kuingia. Viwango vya Marekani vyampa mwanamke wa miaka 19 hadi 50 miligramu 18 za chuma kwa siku na mwanamume 8. Basi mgao mkubwa wa kitoweo si haki ya baba peke yake.

MASWALI

Kijana wa Mkomani: Niandikie ratiba ya wiki nzima, niko bize.
— Hatua ya 1. Bila kujua munakula nini, nitakuandikia ratiba ya nyumba nyingine.

Kijana wa Mkomani: Basi niambie tu wali gramu ngapi.
— Hatua ya 4.

Mama wa Langoni: Kwa hivyo tui limekatazwa? Mimi mchicha bila nazi siujui.
— Halikukatazwa, dada yangu. Vitamini A ya mchicha yataka mafuta kidogo ili iingie mwilini. Shida ni kipimo: tui zito huwa na mafuta zaidi ya gramu 20 kwa kila gramu 100, karibu yote ya aina inayoganda, na mtu wa kalori 2,000 asipite kama gramu 22 za aina hiyo kwa siku. Pikia tui la pili, kisha mwagia vijiko viwili vitatu vya kasimile, lile tui zito la kwanza, ukiepua. Harufu yabaki palepale.

Msomi wa Hindi, Lamu: Umesema papai ni la vitamini A. Hilo si tunda? Umejichanganya.
— Ni tunda, na liko kundi la nane kwa ajili ya vitamini yake. Kundi la kumi laitwa "matunda mengine" kwa sababu hiyohiyo. Kitu kimoja hakihesabiwi mara mbili.

Nahodha wa Kizingitini: Kusi ikivuma hatutoki. Samaki akiadimika, badala yake ni nini hasa, kwa vipimo?
— Swali zuri sana, kaka. Mnofu gramu 100 ni protini 20. Mayai matatu ni kama 18. Kunde kavu gramu 90 ni kama 20. Dagaa wakavu gramu 35 wafika 20, na wakiliwa na mifupa yao huleta kalsiamu pia. Wakiwa wa chumvi, waloweke umwage maji. Mkitegemea kunde wiki nzima, weka maziwa au mayai, kwani kunde hazina vitamini B12. Na samaki wakirudi, usidharau vibua na simu: wana mafuta mazuri ya omega-3 kushinda changu.

Mama wa Langoni: Na Ramadhani? Futari yetu ni muhogo, viazi, kaimati, tambi.
— Vinne hivyo ukiondoa sukari ni kundi moja. Bakisha kimoja au viwili, ongeza mbaazi na bakuli la mboga, matunda yawe ya kukata badala ya maji ya sukari. Daku ndiyo husahaulika: hapo weka yai, maziwa au kiporo cha kunde.

Nahodha wa Kizingitini: Mke wangu husaga simsim iliyokaangwa akaitia kwenye mchicha badala ya nusu ya nazi.
— Mwambie ahsante. Hilo ni kundi la tatu, na mafuta ya simsim mengi si ya kuganda. Akaange kwa moto mdogo mpaka zianze kurukaruka, aepue hapohapo. Zikikolea rangi huwa chungu. Asage za siku mbili tatu tu, unga wake huvunda upesi kwa joto letu.

Mama wa Langoni: Vijiko vingapi kwa sufuria ya watu watano?
— Kama kumi vya kulia, viwili kwa kila mtu, kwani unga wa simsim ni mwepesi na kijiko kimoja hakifiki gramu 15. Chini ya hapo halihesabiwi kundi.