Klachi ya gari ya mzee Dodoma: uliza haya kabla hujatuma hela

Mbukwenyi ndugu zangu mlioko huko nje. Hii nawaandikia nyie ambao nyumbani Dodoma kuna gari ya familia imeshazeeka, ya manyuo (gia za kubadilisha kwa mkono), mzee bado anaendesha au mdogo wako ndo dereva, alafu siku moja uko kazini inaingia voisi: "Mwanangu, gari imegoma kupanda, fundi anasema klachi, tuma hela." Na wewe unatuma, maana ni mzazi, na uko mbali. Mimi nilituma mara mbili ndani ya mwaka mmoja kwa klachi hiyohiyo moja.

Gari yenyewe ni Corolla ya zamani, kazi yake kubwa ni kumpeleka bi mkubwa kliniki na kwenda shamba la zabibu kule Mpunguzi. Fundi akasema pleti imeisha, nikatuma hela ya pleti na ya ufundi, ikatembea miezi michache vizuri tu. Alafu ikaanza kulia kila ukikanyaga pedeli. Ilikuwa beringi ya klachi. Beringi yenyewe ni kitu kidogo, ila kuifikia lazima gia boksi ishuke tena, kwahiyo nikalipa ufundi uleule mara ya pili kwa kitu ambacho kingewekwa siku ileile ya kwanza. Na waliposhusha wakakuta sili ya krenki ya nyuma, ule mpira unaozuia oili ya injini isitoke, inavuja, oili imeshailowesha pleti mpya. Iliniuma sana, kwasababu hela ipo ya kutosha kufanya vizuri mara moja, ila hakuna aliyeuliza swali, na wa kuuliza nilikuwa mimi.

Kwahiyo anza na kuelewa kitu kimoja. Klachi ndo inaunganisha na kuachanisha injini na gia boksi, na ndani yake kuna vitu vitatu vinafanya kazi pamoja: pleti, presha inayoibana hiyo pleti kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na injini), na beringi inayoisukuma presha ili iachie unapokanyaga. Vyote vimejificha kati ya injini na gia boksi. Kwa gari kama Corolla inabidi zichomolewe shafti za matairi ya mbele, oili ya gia boksi imwagwe, gia boksi ishuke, ni kazi ya siku nzima kwa fundi wa kawaida. Gharama kubwa ya kurudia iko hapo kwenye kushusha na kupandisha. Ikishashuka mara moja badilisha vyote vitatu, kwa pamoja, hata kama fundi anakwambia "bosi, presha hii bado nzima".

Ila kabla hujafika huko hakikisha ni klachi kweli. Usiku huohuo mpigie anayeendesha, msalimie vizuri, muulize taratibu. Baba, shikamoo, ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele ila gari haiongezi mwendo? Inakuwa mbaya zaidi kwenye mlima au mkipakia mzigo? Kuna harufu kama nguo inaungua? Akisema ndio kwa yote basi klachi inateleza, hiyo pleti imekwisha au imelowa oili. Mwambie kwanzia hapo asiende safari ndefu, hasa ile ya Iringa kupitia Mtera, maana kuna mlima Nyang'oro mbele na pale ndo itamwachia kabisa.

Akisema tatizo ni gia kukataa kuingia, hiyo ni hadithi nyingine, na hapa ndo watu wengi wanaliwa hela. Muulize: ukizima injini gia zinaingia? Kama injini ikiwa imezimwa zote zinaingia laini na ikiwaka zinagoma au zinasaga, maana yake klachi haiachii vizuri, na mara nyingi pleti haina kosa lolote. Gari nyingi klachi yake inasukumwa na mafuta, tena ni mafuta ya breki yaleyale, yapo kwenye kikopo kidogo kule mbele chini ya boneti. Mwambie mdogo wako afungue boneti akipige picha. Kikiwa kitupu, kuna mahali panavuja, ni masta silinda juu ya pedeli (ainue kapeti miguuni kwa dereva aguse kama pamelowa) au silinda ya chini pale kwenye gia boksi. Hizo zinabadilishwa bila kushusha gia boksi, alafu wanatoa hewa kwenye mfumo, imeisha. Gari zingine zinatumia waya badala ya mafuta, huo unaweza ukawa umelegea tu. Usikubali gia boksi ishushwe kabla hivi havijaangaliwa.

Na mlio nao uulizie. Ukilia pale tu unapokanyaga pedeli ni beringi ya klachi. Ukilia pedeli ikiwa juu, gari ipo frii, alafu ukikanyaga mlio unapotea, hapo mara nyingi ni beringi ya shafti ya kuingilia gia boksi, na ni vizuri fundi ajue mapema ili akishusha aikague palepale.

Kuna jaribio moja ambalo mdogo wako anaweza kufanya huku unamuona kwenye vidio. Sehemu tambarare, mbele pasiwe na mtu wala ukuta, hendibreki juu kabisa, mguu wa kulia kwenye breki, aweke gia namba tatu na aachie klachi polepole. Injini ikizima hapohapo, klachi bado inashika. Ikiendelea kuunguruma kama hakuna kilichotokea, imeisha. Mara moja tu inatosha, akirudiarudia anaiunguza mwenyewe.

Sasa spea. Najua ukiwa Uingereza au Marekani akili ya kwanza ni kununua huko kwenye mtandao uweke kwenye begi, mimi nilijaribu na nikakwama kabla hata ya kulipa. Gari zetu nyingi zimeletwa kutoka Japani zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya soko la kwao, kwahiyo namba yake ya chasisi ni fupi, ina herufi za modeli kama AE110 alafu namba, sio ile ndefu ya tarakimu na herufi 17 ambayo maduka ya Ulaya yanaitafuta. Unaweza kupata kitu kimeandikwa Corolla, mwaka uleule, na kisiingie. Tena ni chuma, presha na pleti vinakula kilo za begi lako vibaya mno. Kwa maoni yangu nunua nyumbani.

Waambie wapige picha kadi ya gari, pale kuna namba ya chasisi na namba ya injini, hizo ndo unapeleka dukani. Uliza maduka ya Dodoma mjini kwanza, alafu Kariakoo, ulinganishe. Ukinunua Dar kifurushi kinapanda basi na kinapokelewa stendi ya Nanenane, ni kilomita kama 450 tu. Kama una wasiwasi na saizi subiri gia boksi ishuke, fundi apeleke pleti ya zamani dukani kama sampo, walinganishe upana na yale meno ya katikati yanayokaa kwenye shafti, hesabu ya meno lazima ilingane. Feki zipo nyingi na boksi zuri sio ushahidi, bora duka ambalo watakubali kurudishiwa kama haijaingia, na risiti ipatikane. Pleti ya mtumba siishauri kabisa kwa gari anayopanda mama yako.

Hela ya spea ilipe moja kwa moja dukani kwa simu, isipitie mikono mitatu. Ya ufundi toa kiasi mwanzo na iliyobaki gari ikishajaribiwa mlimani. Sio kwamba mafundi ni wezi, jamani, wapo wazuri sana pale Dodoma wanaofanya kazi juani na vifaa vichache, na fundi mzuri hatakasirika ukimwambia "fundi, habari za kazi, naomba gia boksi ikishuka unipigie vidio". Kwenye hiyo vidio omba uone sura ya flaiwili. Ikiwa na nyufa, mabaka ya bluu ya moto au mfereji, ipelekwe kuchongwa au ibadilishwe, ukiweka pleti mpya juu ya flaiwili mbovu gari itatetemeka kila ikiondoka. Omba uone pia kama kuna oili pale ndani, ikiwepo sili ibadilishwe siku hiyohiyo, ni kitu cha bei ndogo. Na mwambie asipulize lile vumbi la klachi kwa hewa ya kompresa, afute kwa kitambaa chenye maji, pleti za zamani zingine zilitengenezwa na asbesto na kuivuta ni hatari kwa mapafu yake na ya watoto wanaokaa pale gereji. Oili ya gia boksi iliyomwagwa irudishwe mpya, hii inasahaulika.

Kinachoua klachi zetu kule kanda ya kati ni mchanga. Yale makorongo ya kwenda mashambani, kiangazi yamekauka, mchanga mzito, gari inakwama na dereva anakanyaga mafuta kwa nguvu huku klachi ipo nusu. Dakika chache za hivyo zinakula maisha ya pleti kuliko miezi ya kwenda mjini. Wakikwama washuke, wachimbe, waweke matawi au mawe chini ya matairi, watu wasukume, klachi iachiwe yote. Na sisi tunaorudi Desemba tumezoea oto (gari zisizo na pedeli ya klachi) huko tuliko, tunakaa na mguu juu ya pedeli njia nzima na tunaishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya hendibreki. Mguu ukae pembeni.

Klachi ikishawekwa mpya, kilomita kama 500 za mwanzo iendeshwe kwa upole, isipakie magunia wala kuvuta gari nyingine. Mzee wangu alitaka kesho yake aende Mpunguzi na kreti za zabibu, nikamwomba asubiri, zikaenda na gari ya jirani. Pleti, presha na beringi za zamani nilimwambia mdogo wangu azichukue nyumbani kwenye mfuko, ziko stoo mpaka leo, nikija likizo nitaziangalia kwa macho yangu.