Kuzalisha lusina ya Kanda ya Ziwa: chagua kundi, si mche mmoja

Aliyezoea kuchagua mbegu za maharage akija kwenye lusina (alfalfa, majani ya kulisha mifugo) hukosea mwanzoni kabisa: anatafuta mche mmoja bora na kuuzalisha peke yake. Lusina huchavushwa na mche mwingine, na ina seti nne za kromosomu, jumla 32. Ikijichavusha yenyewe, mbegu huwa haba na watoto hudumaa. Aina nzuri ya lusina ni ukoo wa wazazi wengi waliochanganyika.

Anza na aina tatu au nne zisizolala (zisizosita kukua msimu wowote), kama CUF 101 ya California. Aina za nchi za baridi hulala siku zikiwa fupi, na Mwanza mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, basi huchipua kivivu.

Udongo wa mbuga (mweusi wa mfinyanzi) na itogolo (wenye tabaka gumu chini) hutuamisha maji, na mizizi huoza. Luseni (udongo wa kichanga) hupitisha maji vizuri lakini mara nyingi una tindikali. Pima, weka chokaa hadi pH ifike 6.5 au zaidi. Mbegu ngumu zisugue kidogo kwa msasa, kisha zipake bakteria wa lusina (wanaoipatia nitrojeni ya hewani), kwani wa maharage au karanga hawafai. Wiki ya sita chimbua miche michache upasue vinundu vya mizizi kwa ukucha: vya waridi ndani vinafanya kazi, vyeupe havifanyi. Usiruke hatua hii, la sivyo utakuwa unachagua miche iliyobahatika kukutana na bakteria.

Otesha kwenye viriba Septemba, mbegu kina cha sentimeta 1, na vuli ikikolea hamishia shambani miche 600 kwa nafasi ya sentimeta 60 kwa 60. Kipande cha meta 15 kwa 15 kinatosha. Kata kila siku 30 hadi 35, ukiacha kisiki cha sentimeta 7. Mavuno ya kwanza yasikudanganye. Tazama mche unaorudi haraka baada ya kukatwa mara ya sita, usioangusha majani ya chini wakati wa masika, wala kujaa vidukari kiangazi.

Februari ya pili baada ya kuhamishia shambani, chagua miche 30 hivi. Kutoka kwa kila mmoja kata vipande vya shina ambalo halijachanua, sentimeta 10, uvioteshe kwenye mchanga safi wenye unyevu, kivulini. Vikishika mizizi, panda nakala nane za kila mzazi, zikiwa zimechanganywa, angalau meta 300 kutoka lusina nyingine. Acha kukata mvua zikiisha, punguza maji: ukavu wa kiangazi husaidia maua na mbegu.

Hapa ndipo wengi hukwama. Ua la lusina ni mtego: lazima lifyatuliwe ndipo lishike mbegu. Nyuki wa mzinga wakishapigwa usoni mara chache hujifunza kunyonya asali kwa ubavuni bila kufyatua. Wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa hufanya kazi vizuri zaidi, basi usiwafukuze. Wakikosekana, kunja kadi ndogo umbo la V, ibonyeze kwenye mdomo wa ua. Litafyatuka na kuacha unga wa njano. Peleka kadi hiyo hiyo kwenye ua la mche wa mzazi mwingine.

Vuna theluthi mbili za maganda yaliyojiviringa zikiwa za kahawia. Pura kila mzazi peke yake, upime gramu sawa kutoka kwa kila mmoja kabla ya kuchanganya. Ukimimina zote pamoja, wazazi wawili watatu wenye mbegu nyingi watameza wengine, na umerudi kwenye mche mmoja kwa mlango wa nyuma.

Jaribu mchanganyiko huo dhidi ya mbegu wanayotumia wafugaji wa hapo: vitalu vya meta 1.5 kwa 5, gramu 15 kila kimoja, marudio manne. Pima uzito mkavu, maana mbichi ya asubuhi yenye umande haisemi kweli. Ukitaka kuiuza kama mbegu, anzia TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kabla hujafungasha hata kilo moja.