Jinsi ya kuanzisha klabu ya uwekezaji katika shule ya sekondari

Wanafunzi wakisikia neno uwekezaji, huuliza papo hapo: tununue nini? Klabu inayoanzia hapo hugeuka kijiwe cha tetesi za bei. Nikiwa mwalimu mlezi, napenda klabu ianze na swali zito zaidi: tunaamuaje? Mwanafunzi akizoea kuandika sababu zake kabla ya kununua, kisha kuzirudia bei ikishapanda au kushuka, amepata ujuzi utakaomfaa hata siku ya kuchukua mkopo au kufungua biashara. Hatua hizi nimezipanga kwa ajili hiyo.

Hatua ya 1: Pata mlezi na ruhusa

Mlezi si lazima awe mtaalamu wa fedha, mradi ahudhurie vikao na asione haya kusema "hilo tukalitafute". Peleka kwa mkuu wa shule ukurasa mmoja wenye lengo la klabu, siku ya kukutana, na ahadi kwamba hakuna mchango wa pesa. Wazazi nao wapate nakala.

Hatua ya 2: Anzeni na pesa za kuigiza

Hapa nina msimamo mkali: mwaka wa kwanza pesa halisi zisiguswe. Katika nchi nyingi mtu aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungua akaunti ya hisa peke yake, na kukusanya pesa za watu ili uziwekeze kwa niaba yao mara nyingi ni shughuli inayosimamiwa na sheria. Lakini sababu inayonigusa zaidi ni nyingine. Ukiweka kiingilio, mwanafunzi asiye na uwezo atakaa nje ya mlango, na huenda ndiye anayeyahitaji maarifa haya kuliko wote.

Kwa hiyo jipeni mtaji wa kuigiza, tuseme milioni 1 ya sarafu yenu, na mtumie bei halisi za kufunga soko. Kata kamisheni ya dalali kila mnaponunua na kuuza. Kama ni asilimia 2 kila upande, hisa inabidi ipande kwa zaidi ya asilimia 4 ndipo mrudishe mtaji. Wakiyaona makato hayo kwenye daftari, wanafunzi huacha haraka tabia ya kununua leo na kuuza kesho.

Hatua ya 3: Andikeni katiba fupi

Ukurasa mmoja unatosha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, akidi ya kikao, na namna ya kupiga kura. Vyeo vizunguke kila muhula.

Hatua ya 4: Fundisheni misingi kabla ya ununuzi wa kwanza

Anza na hesabu. Gawanya 72 kwa kiwango cha riba upate takribani miaka ya mtaji kuongezeka mara mbili: kwa asilimia 8, ni miaka 9 hivi. Waonyeshe pia kwamba aliyepoteza asilimia 50 anahitaji kupata asilimia 100 ili arudi alipokuwa, na kwamba akiba inayolipa asilimia 5 wakati mfumuko wa bei ni asilimia 7 inapungua nguvu japo tarakimu zinaongezeka.

Kisha wajue kwamba mwenye hisa ni mmiliki na mwenye hati fungani ni mkopeshaji; kampuni ikifilisika, wakopeshaji hulipwa kwanza na wenye hisa hupata kilichobaki, kama kipo. Baada ya hapo fungueni ripoti ya mwaka ya kampuni moja. Linganisheni faida na mtiririko wa fedha taslimu. Kampuni inayouza sana kwa mkopo inaweza kuonyesha faida nono huku haina pesa za kulipa mishahara, na mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe hatalisahau.

Hatua ya 5: Karatasi ya uamuzi

Huu ndio moyo wa klabu. Hakuna hisa inayonunuliwa bila karatasi inayojibu maswali haya:

- Kampuni inapataje pesa, na mshindani gani anaweza kuinyang'anya?
- Bei ni mara ngapi ya faida kwa kila hisa? Bei ikiwa 200 na faida 20, jibu ni mara 10. Je, hiyo ni ghali ukilinganisha na kampuni za aina yake?
- Ni tukio gani likitokea tutakubali kwamba tulikosea?

Swali la mwisho ndilo gumu, na mlezi asikubali lirukwe. Mteueni pia mwanachama mmoja wa kupinga kila pendekezo, hata kama analipenda. Na kabla ya mjadala kila mtu aandike kura yake kwa siri, kwa sababu kwenye chumba cha vijana mwenye sauti kubwa huwavuta wengine wote. Mwisho wa muhula someni karatasi zote upya. Hisa iliyopanda kwa sababu ambayo haikuandikwa mwiteni mshindi wa bahati, na muandike hivyo daftarini.

Hatua ya 6: Tawanyeni mtaji, jipimeni na soko

Kampuni moja isizidi sehemu ya tano ya mtaji. Matokeo yenu myalinganishe na kiashiria cha soko zima, yaani kipimo cha mwenendo wa bei za hisa zote kwa pamoja, gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) likiwemo. Mwaka 1976 John Bogle wa Vanguard, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, aliwafungulia wawekezaji wa kawaida mfuko unaofuata S&P 500, kiashiria cha kampuni kubwa takribani 500 za Marekani, na wasimamizi wengi wa kitaalamu hushindwa kuushinda wastani wa soko kwa miaka mingi. Wanafunzi wakishindwa pia, waulizeni kama kazi yote ile ilistahili. Mjadala huo ni mtamu.

Mashindano ya wiki chache ya kununua na kuuza hisa siyapendi. Pesa zikiwa za bandia na muda mfupi, njia ya kushinda ni kuweka kila kitu kwenye hisa moja yenye misukosuko, na hiyo ni kamari.

Hatua ya 7: Wafundisheni kuutambua utapeli

Mwaka 1920 huko Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Wape wanafunzi kikokotoo: 100 ikizungushwa mara 8, yaani siku 360, inazidi 2,500. Waulize ni biashara gani inaweza kulipa hivyo. Ponzi aliwalipa wa zamani kwa pesa za wapya, na wapya walipopungua kila kitu kilianguka. Kijana aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake ataifanya tena akiletewa ujumbe wa ahadi kama hiyo kwenye simu.

Hatua ya 8: Makabidhiano

Kabla ya wanaohitimu kuondoka, wapitie na wadogo zao kila karatasi ya uamuzi. Warithi waeleze kwa maneno yao kwa nini klabu inashikilia kila hisa. Ile wasiyoweza kuieleza, iuzwe katika kikao hichohicho.