Kukagua Msahafu wa Kale wa Chapa ya Jiwe Kabla ya Kuutengeneza

Misahafu iliyopigwa chapa Bombay katika karne ya 19 ilifika pwani yetu kwa njia za biashara ya Bahari ya Hindi, na baadhi ya nyumba za Mji wa Kale, Mombasa, zingali zinaihifadhi makashani na katika vidaka vya ukutani. Anayeurithi mmoja kwa kawaida hukimbilia gundi. Namwomba kwanza ashike penseli na daftari, kwa sababu utepe wa gundi ukikaa miaka juu ya karatasi kuukuu huacha doa la rangi ya chai lisilotoka.

Chagua siku kavu, hasa wakati wa kaskazi. Tawadha, kisha kausha mikono barabara; glavu za pamba huvipunguzia vidole hisia, na kidole kisichohisi ndicho kiraruacho ukingo. Uweke msahafu juu ya marufaa, yaani kibao cha kuwekea msahafu unaposomwa, au kati ya mito miwili midogo, wala usiufungue kupita pale unapokubali wenyewe.

Jambo la kwanza ni kuthibitisha kwamba ni chapa. Katika chapa ya jiwe, yaani litografia, mwandishi aliandika kwa wino wa mafuta, maandishi yakahamishiwa kwenye jiwe la chokaa, jiwe likaloweshwa maji, na wino wa kuchapia ukashika penye mafuta tu. Ndiyo maana ukurasa huonekana kama umeandikwa kwa mkono, na wengi hudai wana hati ya kalamu. Tazama kwa kioo cha kukuzia: wino wa kalamu hukolea pale ilipochovywa na kufifia inapokauka, ilhali wino wa chapa hii huwa na weusi wa namna moja. Rangi za mapambo ni habari nyingine, kwani baadhi zilipakwa kwa mkono baada ya kuchapwa.

Kisha kagua kama umetimia. Karatasi za mwanzo na za mwisho ndizo zinazoumia zaidi, kwa hiyo tazama Suratul Fatiha na juzuu ya Amma kabla ya nyingine. Baada ya Suratun Nas huenda ukakuta hatima, yaani maandishi ya kufungia kitabu, yenye jina la mwandishi, mji na mwaka wa Hijria. Ukisoma 1300, ujue mwaka huo ulianza Novemba 1882. Pasipo nambari za kurasa, fuata neno lililoandikwa chini ya ukurasa wa kulia, ambalo hurudiwa mwanzoni mwa ukurasa unaofuata. Yasipolingana, pana karatasi iliyopotea au iliyoshonwa mahali pasipo pake.

Karatasi nayo ina historia yake. Iliyotengenezwa kwa matambara hudumu, lakini ile ya massa ya mti, iliyoenea tangu katikati ya karne ya 19, ina asidi inayoigeuza kahawia na kuifanya ivunjike. Usijaribu uimara wake kwa kukunja pembe, kwani ikivunjika hairudi. Zitazame pembe zilizokwisha kukatika. Matobo ya duara yapitayo karatasi nyingi ni kazi ya vibuu, mikwaruzo ya juujuu ni ya mende, na mashimo mapana yenye udongo ni ya mchwa, ambao hupanda kutoka ukutani, hivyo kasha lisigusane na ukuta. Unga mpya ukidondoka kila unapofungua, wadudu wangali hai: utenge msahafu huo na vitabu vingine. Kuvu likiwa bichi huchafua likiguswa. Uweke kivulini penye upepo, kamwe si juani, na usilifute mpaka likauke.

Jalada halihitaji muda mwingi: angalia mgongo, mshono, na ule ulimi wa ngozi unaofunika ukingo, ambao hukatika mapema.

Andika unachokiona, bila sifa. Kwa mfano: “Ngozi nyekundu; ulimi haupo; karatasi mbili za mwanzo hazipo; matobo ya vibuu katika juzuu tatu za mwisho, maandishi yameguswa kidogo; hatima ipo.” Piga picha kila kasoro ukiwa na rula pembeni, na waraka huo uuweke nje ya msahafu, ndani ya kasha lilelile, ili mtengenezaji ausome kabla hajafungua jalada.