Bei imepanda? Fuata hivi ujue imetokea wapi

Ukifika soko la Kongowea hapa Mombasa ukapata bei imeruka usianze kugombana na mama mboga, kwanza angalia ni kitu gani kimepanda. Kama ni nyanya na sukuma peke yake basi hiyo mara nyingi ni mvua au ukame huko bara, mavuno yakiingia itashuka. Lakini ikiwa ni unga wa ngano na mafuta ya kupikia, achana na mvua, tazama dola. Mawese ya kutengeneza hayo mafuta yanakuja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, ngano nyingi pia ni ya nje, na vyote vinashuka hapa bandarini vishalipiwa kwa dola, sasa Januari 2024 dola ilipofika karibu shilingi 160 ulitegemea chapati ibaki bei ile ile kweli? Na hata shilingi ikitulia huko nje wanaweza kukubana tu, Aprili 2022 Indonesia ilizuia mawese yasiuzwe nje wiki kadhaa.

Halafu kila tarehe 14 cheki EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya petroli na dizeli, wametangaza nini, manake dizeli ikipanda lori linapandisha, matatu inapandisha, na hapo karibu kila kitu kinafuata. Kodi nayo usiisahau, Julai 2023 VAT ya mafuta ya magari ilitoka asilimia 8 ikawa 16, hiyo si mvua wala vita.

Ukisikia KNBS, wale wa takwimu za serikali, wanasema mfumuko wa bei umeshuka, usikimbie dukani na furaha, bei bado zinapanda, ila polepole.