Kodi ya gemu haiji kwenye laini ya kredi? Fanya hivi

Juzi mtoto wa kaka yangu alikuja kibandani kwangu Langoni, hapa Lamu, ninapotengenezea simu, amekumbatia laptopu kama kuku mgonjwa. "Ami, gemu yanikataa." Alikuwa amemaliza saa 100 za Dota 2, ambazo ni lazima uzimalize kabla ya kuingia mechi za kupanda daraja, na sasa aambiwa aunganishe nambari ya simu. Sharti hilo lipo tangu Mei 2017, na nambari moja ni ya akaunti moja tu. Anaandika nambari, anabonyeza, kodi haiji. (Kodi ya kuthibitisha, zile tarakimu za kuandika zinazokuja kwa ujumbe, si ya nyumba. Ya nyumba haichelewi.)

Tulianza baada ya alasiri, tukamaliza isha imeshaswaliwa. Naandika ili wewe usikae muda huo.

Hatua ya 1: Jua gemu yataka nambari gani

Kama wacheza PUBG Mobile kwa akaunti ya Google au Facebook, rudi ukacheze, haya hayakuhusu.

Wenye gemu wataka nambari ili mtu aliyefungiwa kwa wizi wa mchezo asifungue akaunti nyingine dakika hiyo hiyo. Nambari ya simu ina gharama, barua pepe ni bure. Tatizo ni kwamba wengine huangalia hata aina ya laini. Overwatch 2 ilipotoka tarehe 4 Oktoba 2022, Blizzard, wenye gemu hiyo, ilitaka nambari kwa kila mchezaji na haikukubali baadhi ya laini za malipo ya kabla, yaani laini za kredi. Huko Marekani wateja wa Cricket Wireless walijikuta nje, watu wenye simu halali mkononi. Kelele zikawa nyingi, na siku chache baadaye sharti likaondolewa kwa waliokuwa na akaunti iliyounganishwa na mchezo, wakiwemo wote waliocheza tangu tarehe 9 Juni 2021. Huko kwao laini ya kredi ni ya baadhi ya watu. Huku kwetu, nani unayemjua analipa bili ya simu mwisho wa mwezi? Kwa hiyo soma ukurasa wa msaada wa gemu kabla ya kulipa chochote. Ukiona wamesema laini za malipo ya kabla hazikubaliwi, weka pesa zako mfukoni.

Dota haina ubaguzi huo. Inachokataa ni nambari za intaneti, zisizo na laini ya simu. Na zile tovuti za nambari za bure nakukanya kabisa: kodi yako itasomwa na kila aliyefungua ukurasa ule, na mara nyingi nambari yenyewe imeshatumiwa na watu wengine.

Hatua ya 2: Tumia laini ambayo mwakani itakuwa yako

Hapa mui mzima (mji, kwa Kiamu) hukosea. Kijana aenda saiba kufunguliwa akaunti, mwenye saiba aweka nambari yake mwenyewe ili kazi iishe haraka. Miezi sita baadaye akaunti yaomba kodi, kodi yaenda kwenye simu ya mwenye saiba, na mwenye saiba amehamia Mombasa.

Usiweke nambari ya mtu. Usiweke laini ya ofa uliyonunua kwa ajili ya bando la wiki. Laini isipotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na nambari hupewa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea kodi zako. Kinyume chake pia hutokea: wanunua laini mpya, waiweka kwenye gemu, waambiwa nambari hii ina akaunti tayari. Ni ya aliyekutangulia. Kwenye Dota, nambari ikitolewa kwenye akaunti moja ikapelekwa nyingine, kuna kungoja miezi mitatu. Usihamishe-hamishe kwa mchezo.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama hujafika miaka 18, laini yako imesajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi, na ikipotea ni yeye atakayekwenda kuirudisha na kitambulisho chake. Mwambie mapema kuna nini ndani yake.

Hatua ya 3: Andika nambari

Chagua Kenya, +254, ondoa sifuri ya mwanzo.

Hatua ya 4: Kodi haiji

Sasa tukae.

Kwanza, acha kubonyeza "tuma tena". Huyu mwanangu alibonyeza mara saba. Kila kodi mpya huua ya nyuma yake, kwa hiyo hata zikifika zote pamoja utakuwa waandika iliyokufa, na ukizidisha mfumo hukufungia kwa saa kadhaa. Bonyeza mara moja. Ngoja dakika kumi. Kunywa kahawa.

Tulipanda darini. Nyumba za mawe na chokaa za mui wetu hazipitishi mtandao vizuri, ukutani dhiraa nzima, na mara nyingi simu chini yaonyesha mstari mmoja wa uongo. Darini mistari ilijaa. Kodi haikuja. Tukamtumia ujumbe wa kawaida kutoka simu yangu, ukafika papo hapo. Hilo ni jaribio la lazima: ujumbe wa mtu ukifika na wa gemu usifike, shida si mtandao.

Tukahamisha laini kwenye simu nyingine, kabambe ya mulika mwizi. Kosa langu hilo, kwa sababu kabambe hiyo ilikuwa imejaa jumbe tangu enzi, na ikijaa haipokei tena mpaka ufute. Nikafuta jumbe za miaka. Bado. Magharibi ikaadhiniwa, nikafunga kibanda, tukaendelea barazani kwao.

Shemeji yangu akapita na sinia la mikate ya mofa, akauliza twahangaika na nini. Nikamweleza. Akasema, "Ile laini si niliizuia matangazo? Kila siku wamletea mtoto jumbe za kamari."

Ndiyo hiyo. Alikuwa amezima jumbe za matangazo zote. Kodi za gemu hazitumwi na nambari ya mtu, hutumwa na kompyuta kwa jina la kampuni, na ukiyafungia matangazo mlango, kodi nazo zaweza kubaki nje pamoja nayo. Kwa laini ya Safaricom, piga *456*9# kisha usome menyu hadi uone palipoandikwa kuhusu matangazo, uyaruhusu. Mtandao mwingine, ulizia huduma kwa wateja kwa maneno hayo hayo: "nimezuia jumbe za matangazo, nataka kuzifungua." Usiseme "kodi haiji", watakwambia uzime simu uwashe. Angalia pia kwenye simu yenyewe, ndani ya programu ya jumbe, kwenye folda ya taka: simu nyingine hutupa humo ujumbe wowote usio na nambari ya mtu.

Tukafungua, tukazima simu tukaiwasha, tukangoja. Tulibonyeza mara moja. Kodi ikaingia kabla sijamaliza mkate.

Nyongeza: mtu akikuandikia WhatsApp kwamba "kodi yangu imekuja kwako kimakosa, nitumie", usimjibu.

Hatua ya 5: Jitoe kwenye kodi za ujumbe

Akaunti ikishakubali nambari, washa uthibitisho wa programu mara moja. Kwa Steam, ambako akaunti ya Dota iko, ni Steam Guard ndani ya programu yao ya simu, kwa nyingine nyingi Google Authenticator yatosha. Programu hutoa kodi bila mtandao wala kredi, hata ukiwa ndani ya mashua katikati ya mkondo wa Mkanda. Sioni sababu ya mtu kubaki na jumbe baada ya hapo. Kisha nakili kodi ya kurejesha akaunti kwenye karatasi. Si picha, kwa sababu picha iko ndani ya simu ile ile itakayotumbukia gatini. Ya kijana wetu iko kabatini, ndani ya bahasha ya cheti chake cha kuzaliwa.

Asubuhi yake shemeji alinipigia: ujumbe wa kamari umeshafika, saa kumi na mbili na dakika tano. Nikamwambia azuie tena, programu imeshakamata kazi, na siku gemu itakapotaka ujumbe atafungua kwa nusu saa. Akanitaka nimwandikie hatua zenyewe kwenye ile bahasha.